Uzi wa Upande wa Sikio

Mwaka ule nyumbani kwetu hatukula kuku ambaye hakuwa ameshonwa kwanza. Mama alimnunua kila Jumamosi asubuhi, na kabla hajamkatakata ilibidi ampitishe kwangu mezani nimchane ngozi ya paja kwa wembe, nimshone, nifumue, nimshone tena, mpaka mstari unyooke. Siku moja Baba alikuta uzi mweusi kwenye mchuzi. Aliutoa mdomoni taratibu, akauweka ukingoni mwa sahani, akaniuliza kama mgonjwa yule alipona. Mama hakucheka. Alisema siku mgeni akimeza uzi wangu nitampasua tumbo mimi mwenyewe, si ndicho nilichosomea.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitafanya upasuaji wa ngozi. Wenzangu walinishangaa. Kwao ngozi ilikuwa mambo ya vipele na mafuta ya kupaka. Wao walitaka moyo na ubongo, vitu vya kutajwa mbele za watu. Mimi niliipenda ngozi kwa sababu kazi yake inaonekana. Ukishona utumbo vibaya, tumbo linakufichia aibu. Ukishona shavu vibaya, mtu anatembea nalo miaka thelathini na kila anayekutana naye anajua. Nikiri mapema kuwa mimi ni mtu wa kujiona. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba huyo wa kushona vibaya angeweza kuwa mimi.

Daktari aliyetufundisha tulimwita Milimita, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Alikuwa mfupi, mkimya, na mfukoni mwa koti lake jeupe ilikaa rula ndogo ya chuma aliyoitoa hata kupimia nafasi kati ya nyuzi. Kila mwaka aliandika barua moja ya kumpendekeza mwanafunzi aendelee na masomo ya upasuaji wa ngozi. Moja tu. Bila barua hiyo unaweza kuomba nafasi mpaka uote mvi. Mwaka ule tulikuwa tumebaki wawili, mimi na mwenzangu mmoja mpole ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka akishika kisu. Sitasema uongo, ule mtetemeko ulikuwa ukinifurahisha.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya dirisha la kuchukulia kadi. Kilikuwa na kitanda kimoja, sinki la kufunguliwa kwa mguu, na taa ya mkono mrefu iliyokuwa na tabia ya kushuka yenyewe, kwa hiyo Sista aliufunga mkono wake kwa plasta. Sista alikuwa muuguzi wa chumba kile kwa miaka mingi kuliko Milimita mwenyewe, na ndiye aliyejua kila kitu kiko droo gani. Mwanafunzi aliyefungua droo bila kumwomba aliondoka siku ile akiwa amesemwa vya kutosha.

Milimita alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote. Unapokata saratani ya ngozi, kipande unachokitoa kinakwenda maabara, huko wakiangalie kwenye darubini kama ugonjwa umeisha ndani ya kipande au umefika ukingoni. Ukifika ukingoni, maana yake mwingine umebaki mwilini, na lazima urudi ukate upande uleule. Sasa utajuaje ni upande upi? Kwa uzi. Kabla hujakikata kipande chote, kikiwa bado kimeshikilia mwilini, unatia uzi mmoja mweusi kwenye ncha yake. Kwenye uso, alisema, uzi unakaa upande wa sikio, siku zote. Kipande kikishatoka hakina tena juu wala chini, kinajikunja, na ncha zake mbili zinafanana. Tulimwigiza kwenye mkahawa wa chuo, mmoja akishika mkate na kuuliza sikio liko wapi.

Fundi alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye ualbino, na alivaa kofia ya ukingo mpana aliyoishona mwenyewe kwa tabaka mbili za kitambaa. Kwenye mfupa wa shavu, katikati ya kona ya jicho na sikio, alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati ambacho kilikuwa hakiponi kwa miezi minane. Tayari tulishachukua kipande kidogo cha nyama na kupima, na tulijua ni saratani. Alichotaka kujua yeye kilikuwa kitu kimoja, na alikiuliza kabla hajavua kofia: jicho litaguswa? Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni. La upande ule aliliita jicho la kazi. La pili, alisema, linasindikiza tu.

Milimita alimweleza kwamba jicho lingebaki salama, tungeishia mbali nalo. Kisha akanigeukia akasema nikate mimi.

Nilikuwa nimesubiri neno lile miaka mitano. Nilinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida ili isionekane nina haraka. Fundi akiwa amelala, uso umefunikwa kitambaa chenye dirisha, alianza kunihoji. Uzi namba ngapi? Sindano ya mviringo, mnaishikaje bila kujichoma? Mnashona bila kupiga pasi kwanza? Nilimjibu huku nikimchoma ganzi, na alipoguna kwa maumivu aliniomba radhi yeye, kana kwamba amenipotezea muda.

Nilichora, nikapima milimita nne kila upande, nikakata umbo la jani. Mkono wangu ulikuwa mtulivu. Nilikuwa nimeinua karibu kipande chote, kimeshikilia kidogo tu kwa chini, na uzi mweusi ulikuwa tayari kwenye sinia, ndipo mshipa mdogo ulipopasuka na damu ikaruka mpaka kwenye taa.

Milimita aliingiza kidole akaubana. Alimwambia Sista alete mashine ya kuchomea mishipa, nayo ilikuwa kwenye kona nyingine ya chumba. Mwenzangu alikuwa ameshika taa, ameikazia macho ile damu. Nami niliwaza jambo moja tu, kwamba sasa Milimita atanyoosha mkono wa pili na kuninyang'anya kisu, na yule mpole ataona. Nikakata sehemu iliyobaki. Nikakiweka kipande kwenye kisahani, nikageuka kushika shashi, nikapangusa, nikashika tena. Mtu, sijui nani, labda mimi mwenyewe kwa kiwiko, alikisogeza kile kisahani.

Nilipogeuka nilikikuta kipande kimejikunja, kimelala peke yake, ncha mbili zimefanana. Nilijua palepale nilichokifanya. Hakuna aliyekuwa akiniangalia. Nilichukua ule uzi mweusi nikautia kwenye ncha moja, ile iliyoonekana kuwa ndiyo.

Sista alirudi, baadaye akaleta chupa ya dawa na kalamu. "Uzi upande wa sikio?" aliuliza, kama alivyouliza kila mara.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika.

Nilimshona Fundi nyuzi kumi na moja. Milimita alitoa rula akaipitisha pembeni ya mshono, akasema, "Nzuri." Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba. Fundi alipopewa kioo alijigeuza huku na huku, kisha akaniambia kwamba nikichoka na hospitali, dukani kwake kuna cherehani moja haina mtu. Nilitoka mle chumbani miguu haigusi chini.

Nilijipa hoja. Mara nyingi majibu huja safi, ukingo wote safi, na yakija safi uzi hauna kazi hata ungekaa wapi. Na kumbukumbu yangu ni nzuri, kila mtu anajua. Na ukiangalia vizuri, hata kipande kilipokuwa kwenye kisahani kilikuwa kimeelekea, naam, kilikuwa kimeelekea vilevile. Nilijisimulia hivyo siku kumi na mbili, na kila nilipojisimulia kisahani kilikuwa mahali tofauti.

Siku ya kumi na mbili majibu yakaja. Ugonjwa ulikuwa umefika ukingoni, kwenye ncha moja: ile yenye uzi.

Milimita alifurahi, kwa kipimo chake cha kufurahi. Alinionyesha karatasi akasema afadhali upande wa sikio, huko nafasi ipo, tunakata kidogo na mtu anakwenda nyumbani. Fundi alikuja kusikia, akauliza lilelile la jicho. Alipoambiwa kwamba tunakwenda upande wa pili kabisa, alivuta pumzi ndefu akavaa kofia yake. Akapangiwa Alhamisi.

Mimi nilikwenda maabara. Mtu wa maabara alikuwa anakula ndizi mlangoni. Nilimuuliza, kama mwanafunzi mdadisi tu, kama kuna namna ya kukitambua kipande kilikuwa kimekaaje mwilini bila uzi. Alinitazama akasema kipande kimeshakatwa vipande vidogo na kuzamishwa kwenye nta, na hata kingekuwa kizima kisingemwambia kitu. "Sisi tunafuata uzi wenu," alisema, akaendelea na ndizi yake.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa. Kama nilibahatisha vizuri, saratani iko upande wa sikio na nikinyamaza kila mtu anapona, barua yangu pia. Kama nilibahatisha vibaya, saratani iko upande wa jicho, sisi tunakwenda kukata kwingine, tunamwambia amepona, na ugonjwa unabaki chini ya ngozi ukitambaa kwenda kwenye jicho la kazi. Na nikisema, hatuna njia ila kukata kote kuwili. Yaani mimi ndiye ambaye ningekipeleka kisu kwenye jicho alilotuomba tusiliguse, pengine bure kabisa. Nilijikuta namwonea huruma sana Fundi, huruma iliyokuwa inanifaa mimi.

Asubuhi ya Alhamisi sikugusa chai. Mama aliniangalia, akaniambia amenunua kuku mapema wiki hii, yuko kwenye jokofu, nikirudi nitamshona. Nikasema sitaki kushona. Aliacha kufuta meza. Hakuniuliza kitu, na ningeulizwa ningelia, kwa hiyo nilimshukuru kimoyomoyo nikatoka.

Fundi alikuwa ameshalala kitandani. Kofia aliikalisha kifuani. Mwenzangu alikuwa kwenye taa, Sista kwenye sinia, na Milimita alikuwa amemaliza kuchora alama ya kalamu upande wa sikio. Alinyoosha mkono kuchukua sindano ya ganzi.

"Daktari," nikasema, "ule uzi niliutia baada ya kukata."

Alisimama na mkono wake hewani.

"Kilikuwa kwenye kisahani. Niligeuka, na niliporudi sikuwa na uhakika ni ncha ipi. Nikatia tu."

Milimita aliirudisha sindano kwenye sinia. Alitoa rula mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Kisha akaniuliza kama nilijua tangu siku ile, nikasema ndiyo. Sista alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeandika kwenye chupa ile, kwa mwandiko wake, akiamini ndiyo yangu. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria.

Nilitegemea Milimita aniambie nitoke, tuyazungumze pembeni, tumfichie mgonjwa kidogo. Badala yake alivuta kigoda akakaa usawa wa uso wa Fundi, akamwambia kila kitu kwa maneno mepesi. Kwamba alama ilikosewa. Kwamba sasa hatujui ugonjwa uliobaki uko ncha ipi. Kwamba anaweza kukata upande wa sikio peke yake na kuomba Mungu, au akate na upande wa jicho pia, na akikata huko kope ya chini inaweza kuvutwa kidogo na jicho likawa linachuruzika machozi. Uamuzi ni wake, na akitaka kwenda kwa daktari mwingine atamwandikia barua saa hii.

Fundi alikaa kitako. Alinitafuta kwa lile jicho lake zuri mpaka akanipata.

"Wewe unakumbuka nini?"

"Nadhani niliutia sawa, baba," nikasema. "Lakini sijui."

"Mimi kwa nadhani sikati hata leso." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Mtu akiniletea kitambaa nikakikosea, nakwenda dukani namnunulia kingine. Wewe utaninunulia wapi?"

Machozi yalinitoka, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa glavu sikuweza kujifuta, yakawa yanaingia kwenye barakoa. Fundi aliigeuzageuza kofia yake, akipitisha kidole gumba kwenye mshono wa ukingo, mzunguko mzima, mpaka aliporudi alipoanzia. Halafu akaikabidhi kwa Sista na kulala tena.

"Kata kote," akamwambia Milimita. "Kata wewe. Uzi aweke yeye, nami nikiwa nasikia."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Milimita alikata upande wa sikio, akakiacha kipande kimeshikilia, akasogea. Nilitia uzi nikasema kwa sauti, uzi upande wa sikio, na Fundi akaitikia chini ya kitambaa, haya. Akakata upande wa jicho, polepole kuliko nilivyowahi kumwona, akasogea tena. Nilitia uzi wa pili, nikasema. Haya, akasema Fundi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mbele ya kila mtu. Mwenzangu aliniletea taa karibu, na ndiyo mara ya kwanza niliyomwangalia yule mtu bila kumpima.

Baadaye Milimita alinikuta kwenye korido nimekaa kwenye benchi la wagonjwa. Hakukaa. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe, akiwa mwanafunzi, aliwahi kutoa kipande bila uzi, na mwalimu wake alimtukana mpaka jasho likamtoka. Kila anayekata ngozi huwa na siku yake ya uzi. "Kwa kukosea ningekuandikia barua," akasema. "Ungesema siku ileile, ningekuandikia hata vizuri zaidi. Lakini siku kumi na nne, siwezi." Akaenda zake. Barua aliandikiwa mwenzangu, na siku hizi mikono yake haitetemeki.

Majibu ya pili Milimita aliyaomba kwa haraka, yakaja kabla nyuzi za Fundi hazijafika muda wa kutolewa. Niliyasoma nimesimama, kisha nikayasoma nimekaa. Upande wa sikio palikuwa na mabaki ya saratani, madogo, yametoka yote. Upande wa jicho palikuwa safi. Hapakuwa na kitu. Ule uzi wa siku ya kwanza nilikuwa nimeutia sawasawa.

Sijui niseme nilihisi nini, kwa sababu nilihisi vyote. Kwa sekunde moja nilifurahi, yaani nilikuwa sahihi, kumbukumbu yangu nzuri kama kawaida. Halafu nikaikumbuka ile kope.

Fundi alipokuja, kope ya chini ilikuwa imevutwa kweli, kidogo, kama mtu aliyeshikwa shavu na kidole. Jicho lilikuwa linalengalenga na alikuwa na leso ya kulifuta, imepigwa pindo vizuri. Nilimwomba Milimita nimwambie mimi, akakubali na kusimama mlangoni. Nilimwambia ugonjwa umekwisha. Nilimwambia ulikuwa upande wa sikio, na kwamba upande wa jicho hapakuwa na kitu tangu mwanzo. Nilimwambia kwamba ningetia uzi kwa wakati, huko pasingeguswa.

Aliomba kioo. Alijitazama muda mrefu, akakisogeza karibu na lile jicho la kazi, akafuta chozi, akajitazama tena. Kisha akaugusa mshono wa kwanza kwa ncha ya kidole.

"Huu wa sikioni ni wa ugonjwa," akasema. Kidole kikahamia kwenye mwingine. "Huu wa jichoni ni wako."

"Ndiyo, baba."

Alimrudishia Sista kioo, akalala, akageuza uso kwenye taa.

"Basi nyuzi zako zitoe mwenyewe."

Zilikuwa saba. Sista alinipa mkasi mdogo na koleo bila kuombwa. Nilizitoa moja moja, nikaanza na ile iliyo karibu zaidi na jicho, na kila iliyotoka niliilaza kwenye shashi mbele yake ili azihesabu.